Kioo Kilichojaa Kreti

Leseni niliipata nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa tandiboi kwenye magari ya mbao, miaka kumi na tisa, Njombe kwenda Dar na kurudi. Shule niliishia darasa la tano.

Watu wanadhani tandiboi kazi yake ni kubeba. Kubeba ni kidogo. Kazi kubwa ni kulinda mzigo. Gari likiondoka, dereva anatazama mbele, na wewe umekaa kushoto unatazama saiti mira. Magari yale makubwa yana vioo viwili upande huo. Cha juu ni cha dereva, hukigusi. Cha chini nilikifanya changu, na ndani yake sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa naangalia kamba. Kamba imelegea? Turubai limefunguka? Ubao umeanza kutoka? Kamba ikikatika pale mlima Kitonga, anayekufa ni mtu aliye nyuma yako. Kwa hiyo kila alfajiri nilikisukuma kioo kile mpaka kijae mzigo wetu mtupu, ndipo nikasema twende.

Shule ya udereva tulikuwa watu tisa kwenye gari moja. Aliyepanda wa kwanza asubuhi ndiye aliyepanga kiti na vioo. Sisi wengine mwalimu wetu, Manase, alitukemea: "Usiguse vioo, vimeshakaa. Unatupotezea muda." Mimi nilikuwa wa saba kwenye zamu. Sikuwahi kugusa kioo hata siku moja. Siku ya mtihani vilevile nilimkuta mwenzangu ameshavipanga. Nikaambiwa nenda mbele, rudi nyuma, egesha. Nikaegesha. Nikafaulu.

Mama Letisia ni dalali wa parachichi pale Njombe mjini. Ana kirikuu chake, vile vigari vidogo vya mizigo vyenye uso mfupi kama wa mbuzi. Dereva wake alihamia Songea bila kuaga. Akanikuta sokoni.

"Amon, si nasikia una leseni siku hizi?"

"Ninayo, Mama."

"Ya lini?"

"Wiki ya pili hii."

"Inatosha. Kesho tunapeleka mzigo Makambako. Ukinifikishia salama, gari ni lako kuendesha mwaka mzima."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Tabea. Alifurahi kuliko mimi. Miaka kumi na tisa alinizoea nalala chini ya magari ya watu. Mimi sikula vizuri usiku ule.

Kesho yake, saa nane mchana, tulikuwa tumepakia kreti thelathini na sita. Zilizidi. Zilitokeza nje ya bodi kila upande, kama kiganja hivi. Kufunga nilifunga mwenyewe na nilifunga vizuri, hilo silo lililoniangusha. Kisha nikapanda upande wa kulia, nikashika usukani, nikaona mikono yangu inatoa jasho na nje ni Aprili, manyunyu na baridi ya kuvaa makoti mawili.

Kioo cha kati kilionyesha kreti tu, zilikuwa zimeziba dirisha la nyuma. Cha kulia nilikivuta mpaka nikaona kamba. Cha kushoto mkono wangu haukufika.

"Mama, nisukumie hicho kioo."

"Mimi ndiye dereva?"

"Mkono haufiki, Mama."

Akashusha dirisha, akatoa mkono kwenye manyunyu huku ananung'unika. "Wapi?"

"Ndani. Ndani tena. Bado naona majani ya barabarani. Ndani."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Acha."

Kreti zikajaa kioo, na kamba yangu ikapita katikati yake imekaza vizuri. Moyo ukatulia kidogo. Nikatia gia.

Kule Makambako kuna kiwanda cha kufungashia parachichi. Gari la baridi lilikuwa linaondoka saa kumi kamili, na Mama Letisia alinikumbusha hilo kabla hatujafika Kibena, halafu akanikumbusha tena kwenye mashamba ya chai.

"Baba yangu alikuwa anatembea kwa miguu haraka kuliko hivi," alisema. "Na alikuwa na ugonjwa wa magoti."

"Barabara inateleza."

"Inateleza kwako tu? Hao wanaotupita wamevaa viatu gani?"

Nilikuwa nahesabu vitu. Klachi, gia, tuta lile pale, mbuzi wale, honi ile ni ya nani. Abiria anakaa anawaza mambo yake. Dereva mpya hana nafasi ya kuwaza, kila kitu kinamjia kwa pamoja na kila kimoja kinataka kumuua. Kila baada ya muda nilitupa jicho kwenye vioo. Kamba ipo. Kreti zipo. Nikarudi mbele.

Tulipoipita Nundu kuna mteremko mrefu. Niliteremka kwa gia ya pili, mguu uko kwenye breki muda wote. Basi likaja nyuma yetu. Silioni, nalisikia tu. Lilipiga honi, likapiga tena, halafu likaishikilia honi bila kuiachia.

"Mpishe!" Mama Letisia alishika dashibodi. "Mpishe, Amon, atatupanda mgongoni!"

Nikawasha indiketa ya kushoto. Nikatazama kioo cha kushoto. Kamba imekaza, kreti zimetulia. Nikavuta usukani kushoto mpaka tairi likakanyaga kokoto za pembeni.

Nikasikia paa! Kama mpira unapasuka. Kisha kitu kikakwaruza ubavu wa bodi, muda mfupi sana. Wakati huohuo basi lilipita kulia kwetu likatumwagia maji kwenye kioo cha mbele, sikuona chochote kwa sekunde mbili tatu. Maji yalipofutika tulikuwa tumeshafika chini ya mteremko na barabara iko tupu.

"Nini kile?" niliuliza.

"Jiwe."

"Jiwe halisemi paa, Mama."

"Basi chupa. Watu wanatupa chupa. Endesha."

Nikatazama kushoto. Kreti moja ya nyuma ilikuwa imeinama. Kwenye kamba, karibu na ile kreti, kulikuwa na kitu cha kahawia kimenasa, kinapigwapigwa na upepo. Nikatazama kulia: kreti. Nikatazama katikati: kreti. Vioo vitatu, vyote vinanionyesha parachichi. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuniambia nyuma yangu kumebaki nini.

Nisiseme Mama Letisia ndiye aliyenizuia kusimama. Breki ilikuwa chini ya mguu wangu. Niliwahi kuona dereva aliyegonga mtu anatolewa kwenye gari lake na watu ambao hawakumwuliza hata jina, na wakati ule nilikuwa nimejificha chini ya turubai nikishuhudia. Ndicho kilichonijia. Nikaendelea kukanyaga mafuta.

"Kile cha kahawia ni nini?" nilimwuliza baada ya kilomita mbili.

Akageuka, akachungulia dirishani. "Kipande cha gunia."

"Hatukufunga na gunia."

"Amon, ni saa tisa na dakika kumi."

Kutoka pale mpaka Makambako ni kama dakika arobaini kwa mwendo wangu, na muda wote huo niliendesha nikikitazama kile kitu. Kikijikunja nilikiona kama sikio. Kikinyooka nilikiona kama mkono wa sweta. Nikajaribu kukumbuka kama nilimwona mtu yeyote juu ya mteremko. Sikumbuki mtu. Lakini nilikuwa nahesabu matuta na mbuzi, ningemwona saa ngapi? Bodaboda ikatokea nyuma, ikatupita, na mwendeshaji akageuza kichwa kunitazama. Akaenda zake. Mbele kidogo trafiki aliinua mkono, nikaanza kupunguza mwendo, kumbe anasimamisha lori lililokuwa nyuma yangu. Sikujua hata kama kuna lori nyuma yangu.

"Unasali?" Mama Letisia aliniuliza.

"Hapana."

"Midomo inacheza."

Tulifika kiwandani saa kumi kasoro dakika saba. Makambako upepo ulikuwa mkali kama kawaida yake, vumbi lenye unyevu. Vijana wa kupakua wakaja mbio. Nilishuka, nikazunguka upande wa kushoto kabla yao.

Ilikuwa kofia. Kofia ya sufu, ya kufumwa kwa mkono, ya kahawia, imenasa kwenye fundo la kamba yangu. Kreti ya chini ilikuwa imepasuka kona, parachichi mbili zimepondeka. Ubavu mzima wa bodi ulikuwa na majimaji yaliyoanza kukauka, na harufu yake naijua tangu utotoni. Ulanzi, pombe ya mianzi. Na kipande cha plastiki ya njano, cha dumu, kimejichomeka kati ya kreti na bodi.

Nikaichomoa kofia nikaitia ndani ya koti. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha kiwanda nikampigia Tabea.

"Umefika?" alisema. "Mungu mkubwa!"

"Tabea, nimegonga."

"Umegonga nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sikuona. Nina kofia yake."

Nilisikia kuku wetu kwenye simu.

"Kuna damu?"

"Kuna ulanzi."

"Sasa Amon, mimi nikuambie nini? Utalala leo?"

"Hapana."

"Basi rudi ukajue. Ukikuta watu wamechukia, usishuke, pitiliza mpaka polisi. Lakini kajue."

Mama Letisia alikuwa kwenye mizani, anagombana na mtu wa kiwanda kuhusu zile mbili zilizopondeka. Nilimngoja amalize. Nikamwonyesha kofia. Aliitazama, akanitazama, akanivuta pembeni.

"Hiyo imedondoka kwa mtu kwenye basi."

"Na dumu?"

"Sikiliza, mwanangu." Hajanizaa, tumepishana miaka kama sita. "Mtu akiwa mzima ameshaenda kwake. Akiwa si mzima, wewe ukirudi unamfufua? Watakuchoma moto na gari langu."

"Gari nitaliacha mbali."

"Hutaliacha popote. Ukitoka na gari hilo kwenda kule, kesho ufunguo niletee sokoni, na ile habari ya mwaka mzima uisahau."

"Sawa, Mama."

"Sawa nini?"

"Kesho nitakuletea."

Aliniita mpaka nikafika getini. Sikugeuka.

Kurudi nilikuwa na bodi tupu. Sasa vioo vilionyesha ubavu wa bodi, juu mpaka chini, na pembeni kabisa ukanda wa barabara mwembamba kama kidole. Ndani ya ukanda ule gari lilitokea na kupotea kabla sijalitambua. Nilianza kuelewa, lakini sikusimama kuvisogeza. Niliogopa nikisimama sitaondoka tena.

Kadiri nilivyokaribia mteremko ndivyo nilivyopunguza mwendo, kama mtu aliyeitwa ofisini. Nilitafuta watu wengi. Nilitafuta matawi yaliyowekwa barabarani. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mama mmoja kando ya barabara anachoma mahindi chini ya mwavuli. Nikageuza gari kuelekea tena Makambako, nikaegesha mbele yake, injini sikuizima, dirisha nikalishusha nusu.

"Kamwene," nilimsalimia.

"Kamwene." Akatazama gari. Akasimama, akazunguka upande wa kushoto, akanusa bodi. Kweli alinusa. "Kumbe ni wewe."

Mkono wangu ukaenda kwenye gia. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtu."

"Yuko kwangu, hapo nyuma ya migomba. Umemletea ulanzi wake?"

"Yu hai?"

"Angekuwa amekufa angekuwa anakutukana hivyo tangu saa tisa?" Akacheka, akapaza sauti: "Tarsis! We Tarsis! Njoo, mtu wako kaja mwenyewe!"

Nilizima gari. Nilishuka nimeshika mlango. Yule mama alijitambulisha, jina lake Elina. Mtu akatoka kwenye migomba, mwembamba, umri wangu, amejaa tope upande mmoja toka sikio hadi kiatu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kanga shingoni. Kichwa wazi.

"Pole, kaka," nilisema. "Nimekuja..."

"Unajua madumu matatu ya ulanzi yanagemwa siku ngapi?"

"Pole sana."

"Moja limepasuka, la pili limemwagikia mtaro mzima. Mitaro ya hapa imelewa leo. Na mkono huu angalia, umevimba kama kiazi cha Makete." Alinisogelea mpaka puani. "Halafu hukusimama."

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Alirudi nyuma hatua moja. Nadhani alitegemea nitadanganya. Nikatoa kofia yake kwenye koti, akaipokea kwa mkono mzima, akaikung'uta gotini, akaivaa.

"Lakini nawe ulitokea wapi?" nilimwuliza. "Haki ya Mungu, sikukuona."

"Nilitokea nyuma! Wewe ulikuwa unateremka kama unapeleka jeneza. Mimi nina madumu matatu na breki moja, baiskeli ikishaanza mteremko huu haisikilizi mtu. Nikasema nitampita kushoto, pana nafasi. Nikakutafuta usoni."

"Usoni vipi?"

"Kwenye kioo." Alinitazama kama mtu anayeongea na mtoto. "Mimi napeleka ulanzi barabara hii mwaka wa kumi na tano. Naishi pembeni mwenu. Nikitaka kumpita dereva au akitaka kunipita, namtafuta uso kwenye kioo chake. Nikiuona uso, najua na yeye ananiona. Nisipouona, namhesabu kipofu. Leo nimetazama kioo chako nikaona nini?"

Niligeuka nikakitazama kioo.

"Parachichi! Kioo kizima parachichi! Nikajisemea, Tarsis, huyu hana macho. Nikaona indiketa inawaka, nikaruka, kofia ikanaswa na kamba yako. Baiskeli ikabaki, ikaenda yenyewe kwenye kreti zako. Ningekuwa mgeni wa barabara hii ningebaki juu yake."

Elina aliacha kugeuza mahindi. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye kokoto. Kwa saa mbili nilikuwa nimejiuliza kama nimeua. Jibu lilikuwa hapana, na halikunifariji hata kidogo, kwa sababu mtu huyu nilimwacha aokoke mwenyewe. Kila nilichokuwa na wajibu wa kukifanya nilimwachia yeye akifanye, na ana breki moja.

"Inuka," alisema Tarsis. "Utanipeleka hospitali. Mkono unauma, na sipandi gari lenye vioo hivyo."

"Sijui vinawekwaje," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu.

"Una leseni?"

"Ninayo."

"Na hujui?"

"Sijawahi kuvigusa. Nilizoea kutazama mzigo."

Akaguna. Nilidhani atanitukana tena, na nilikuwa tayari. Badala yake alikwenda nyuma ya gari, hatua kama nane, akasimama kwenye majani upande wa kushoto, mahali ambapo mtu mwenye baiskeli angekuwepo.

"Kaa kwenye kiti," aliniambia. "Kaa kama unaendesha, usichungulie kama mwizi. Elina, shika kioo."

"Mahindi yataungua."

"Yaungue, nitakula. Shika kioo. Unaniona?"

"Naona bodi," nilisema.

"Elina, sukuma nje. Sasa?"

"Bodi na majani."

"Nje tena. Sasa?"

"Naona mkono."

"Upi?"

"Wenye kanga."

"Huo ndio uliouvunja. Elina, nje kidogo. Kidogo, mama, si kama unafungua dirisha la kanisa."

Kioo kikageuka, na uso wake ukaingia. Wote, na tope lake, na kofia. Alikuwa ananitazama moja kwa moja machoni na mimi nikamtazama. Ubavu wa gari ulibaki ukanda mdogo tu upande wa ndani, na chini ya kioo niliona barabara, na juu yake mteremko mzima hadi kilele, na mbingu kidogo.

"Nimekuona," nilisema.

"Na mimi nimekuona. Unatisha. Haya, cha kulia fanya mwenyewe."

Nilifanya mwenyewe, polepole. Cha kati nacho, mpaka kikashika dirisha la nyuma lote. Tarsis akapanda kushoto, akaupakata mkono wake, na Elina akamtupia hindi dirishani. Baiskeli tuliipandisha nyuma, gurudumu limepinda. Ulanzi wake, alisema, tutauongelea akishafungwa plasta.

Simu yangu ililia. Mama Letisia. Niliiacha ilie.

Nikawasha indiketa ya kulia kuingia barabarani, nikatazama kioo. Lori la mbao linashuka kwa mbali. Nikangoja lipite. Nyuma yake bodaboda mbili. Nikangoja. Wanafunzi wakitoka shule, kundi zima, wanatembea pembeni na mmoja anakimbia kinyumenyume. Gari dogo jeupe. Mtu na mkokoteni. Mambo hayo yote yalikuwa yakinijia nyuma tangu Njombe, na mimi sikujua. Mguu ulikaa kwenye klachi mpaka ukaanza kufa ganzi.

"Twende basi," alisema Tarsis. "Mkono unauma."

"Ngoja," nilimwambia. "Kuna mtu anakuja."

"Siku zote kuna mtu anakuja."

"Ngoja apite."